Jina lako kwa Quenya limekuwa kituko? Tafuta lilipoharibikia

Msichana anayeitwa Nuru akiliacha jina lake lilivyo na kumpa mtu anayejua Quenya alisome, atasomewa "Mauti". Si utani. Katika orodha ya mizizi ya maneno aliyoiandika J.R.R. Tolkien miaka ya 1930, nuru ni kifo. Na lugha hiyo hiyo ina neno zuri kabisa la mwanga: cala.

Quenya na Sindarin, lugha mbili za Waelvi, watu wasiokufa wa hadithi ya The Lord of the Rings, alizozibuni mwandishi wake Tolkien (1892–1973), ndizo watu wanazoziulizia sana wanapotaka tatuu, pete ya ndoa au jina la mchezaji kwenye gemu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yake. Kiklingoni cha Star Trek na lugha ambazo David J. Peterson alizitunga kwa ajili ya Game of Thrones ziko karibu na mwisho. Jambo moja linajirudia katika karibu kila tatizo: mtu wetu huanza kwa kulipeleka jina la Kiswahili kwenye Kiingereza, ndipo analitoa huko kwenda Quenya. Linaharibika mara mbili. Pita njia ya moja kwa moja. Utaona mara nyingi ndiyo fupi.

Dalili: jina halijaguswa, lakini maana imegeuka

Hapo kuna kazi tatu zimechanganywa. Kutafsiri maana (Nuru kuwa Cala), kuhamisha sauti (Nuru ibaki Nuru ila itamkike Kielvi), na kubadilisha maandishi tu (Nuru ile ile kwa herufi za tengwar, maandishi ya Waelvi). Amua moja kabla hujafungua kamusi.

Ukichagua sauti, litafute jina lako kwenye kamusi ya Quenya kana kwamba ni neno la Quenya. Nuru tumeshaiona. Amani nayo ina mtego wake, ingawa si mbaya: Aman ni nchi iliyobarikiwa, ng'ambo ya bahari ya magharibi, na msomaji atafikiri unazungumzia huko. Ukitaka amani yenyewe, neno ni sérë, utulivu na pumziko. Na mtu asikushangae ukicheka kuona kwamba kwa Sindarin mtoto anamwita baba yake "ada". Mzazi yeyote wa Januari ataelewa.

Dalili: maana ni sahihi, ila jina limekuwa la kawaida mno, au la mtu mbaya

Zawadi kwa Quenya ni anna. Tafsiri haina kasoro, lakini kila atakayeliona atadhani umebatizwa Anna. Hapo ndipo watu huanza kulirembesha, wanakutana na Annatar, wanaona lina mlio wa kishujaa, wanalichukua. Annatar ni "Bwana wa Zawadi", jina alilojipa Sauron, adui mkuu wa hadithi, alipokuwa akiwalaghai Waelvi wahunzi wa pete. Kanuni yangu: jina lolote utakalolikuta limeshatumika ndani ya hadithi, soma kwanza mwenye jina alifanya nini.

Neema ana bahati kuliko wote. Tolkien alikuwa Mkatoliki na aliitafsiri Salamu Maria kwa Quenya. Pale tunaposema "umejaa neema", yeye aliandika quanta Eruanno. Kwa hiyo Neema ni Eruanna, yaani zawadi ya Mungu, na tafsiri hiyo imetoka mkononi mwa mbunifu mwenyewe. Ukipitia neno la Kiingereza la neema utarundikiwa wepesi wa mwendo, madaha na uzuri wa umbo, vitu ambavyo mama aliyemwita bintiye Neema hakuvifikiria.

Tumaini naye asikubali jibu la kwanza. Sindarin ina maneno mawili: amdir, ambalo ni tarajio lenye msingi katika unachokijua, na estel, imani inayobaki hata kila dalili ikiwa mbaya. Kiswahili kinatenganisha matarajio na tumaini, kwa hiyo wewe utajua la kuchagua bila kuambiwa. Estel ndilo jina alilolelewa nalo Aragorn, mfalme wa hadithi hiyo.

Dalili: kamusi haina Juma, Jumanne wala Khamis

Hili ndilo tatizo ninalolipenda. Ukitafuta neno la Ijumaa la Kiingereza hupati kitu cha maana, na wengi huishia hapo na kuandika sauti tu. Siku zote saba zimo, ila zimepangwa kwa hesabu nyingine. Waelvi walikuwa na juma la siku sita, watu wa Númenor, kisiwa cha wanadamu, wakaongeza ya saba kwa ajili ya bahari, na Wahobiti, wale watu wafupi wa hadithi, wakayarithi majina hayo kwa tafsiri. Katika kalenda ya Wahobiti juma huanza Jumamosi na kuishia Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku kuu, yenye mapumziko na karamu.

Umeona? Ni juma letu. Mswahili anayehesabu mosi, pili, tatu kuanzia Jumamosi anatembea sambamba na Mhobiti. Basi panga hivi: Jumamosi ni Elenya, siku ya nyota; Jumapili Anarya, ya jua; Jumatatu Isilya, ya mwezi; Jumanne Aldúya, ya ile Miti Miwili iliyoangaza ulimwengu ule (watu wa Númenor waliifupisha kuwa Aldëa, ya mti mmoja mweupe); Jumatano Menelya, ya mbingu; Alhamisi Eärenya, ya bahari; na Ijumaa Valanya, siku ya Valar, wakuu wa ulimwengu ule.

Kwa hiyo Juma ni Valanya. Jumanne, jina ambalo Tanzania limejaa tele, ni Aldúya au Aldëa. Na Khamis wa Unguja anapata Eärenya, siku ya bahari, ambayo asingeweza kuipata vizuri zaidi hata angeiomba. Tahadhari moja tu: anayeitwa Nyota asijitengenezee jina Elenya kwa kuongeza "-ya" kwenye elen ili liwe la kike. Atakuwa amejiita Jumamosi.

Ukoo nao una njia. Sindarin huongeza -ion kwa mwana na -iel kwa binti mwishoni mwa jina la baba. Katika barua ya mfalme aliyoiandika Tolkien, Aragorn mwana wa Arathorn anatajwa Aragorn Arathornion. Bin Salum atakuwa Salumion, binti Salum atakuwa Salumiel.

Dalili: jina lina maana chungu na unaona haya kulitafsiri

Tabu, Shida, Sikitu, Majonzi. Usilikimbie. Katika ulimwengu ule pia watoto walipewa majina ya hali iliyokuwapo nyumbani: Nienor, binti aliyezaliwa baba yake akiwa ametekwa na kaka yake yuko mbali, maana yake ni Maombolezo. Tafsiri unayo. Ila kanuni ya kusoma habari za mwenye jina inahusu hapa kwa nguvu zote, maana Nienor aliolewa na kaka yake bila wote wawili kujua, na mwisho wake ni mbaya.

Dalili: umeandika jina kwa fonti ya tengwar, msomaji anaona herufi zisizotamkika

Mama wa matatizo yote ya tatuu ndiye huyu. Umepakua fonti, ukaandika "neema" kwenye kibodi, yametoka maandishi mazuri yenye mikunjo, ukayapeleka kwa mchoraji. Tatizo ni kwamba fonti hizi, hasa zile zinazofuata mpangilio wa mtengeneza fonti Dan Smith, hazijali sauti ya kitufe. Herufi za tengwar zimepangwa kwenye kibodi kwa safu, kama jedwali. Hivyo "neema" inakupa vilya, formen, formen, alda, calma, yaani takriban v-f-f-ld-k. Ukianza kwa herufi kubwa inazidi, kwa sababu herufi nyingi kubwa zimewekewa alama za irabu, na utapata alama inaning'inia hewani bila konsonanti ya kukalia.

Tiba ni kuandika kwa sauti, si kwa kitufe. Tumia programu ya kunakili sauti inayokuuliza unatumia mfumo gani wa uandishi, kisha ihakiki kwa jedwali la herufi, moja baada ya nyingine. Neema sahihi ina herufi tatu tu: númen yenye mkwaju mmoja juu (ne), kibebeo kifupi, yaani kijiti cha kubeba irabu isiyo na konsonanti, chenye mkwaju huo huo (e), na malta yenye nukta tatu (ma).

Programu ikikuuliza uweke irabu juu ya konsonanti iliyotangulia au inayofuata, chagua iliyotangulia. Tolkien mwenyewe alieleza kwamba lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa irabu, kama Quenya, huweka alama juu ya konsonanti iliyotangulia. Sindarin, inayoishia zaidi kwa konsonanti, huweka juu ya inayofuata. Kiswahili kipo kundi la Quenya bila ubishi. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya majina ya Kiingereza utakuelekeza kinyume, na ndiyo maana unakuta "Juma" zilizoandikwa mtu akasoma "Ujam".

Na hapa Kiswahili kinang'aa. Katika matumizi ya Quenya, umbar ni mb, ando ni nd, anga ni ng, na noldo ni ile ng' inayowatesa wageni. Ng'ombe inaandikwa kwa herufi mbili na alama mbili za irabu, basi. Kasoro ni kwamba Quenya haina b, d wala g zinazosimama peke yake, wala ch, j na sh. Kama jina lako ni Daudi, Asha au Chausiku, tumia mfumo wa jumla: hapo umbar inakuwa b ya kawaida, ando inakuwa d, calma ni ch, anga ni j, harma ni sh, na k na g zinahamia quesse na ungwe. Ukitaka mb au nd unaweka mstari juu ya herufi. Kosa ni kuchanganya mifumo miwili ndani ya jina moja. Mbarouk mwenye umbar ya Quenya na quesse ya mfumo wa jumla hajui mwenyewe aitweje.

Bado kuna mkunjo wa o na wa u. Kwa kawaida ulio wazi kulia ni o, wa kushoto ni u. Usiuchukue mfano kutoka kwenye maandishi ya ile pete maarufu ya Sauron, kwani pale mkunjo wa kulia ni u, kwa sababu Lugha Nyeusi, lugha ya Sauron iliyochongwa humo, karibu haina o.

Dalili: kamusi mbili zinatoa majibu mawili

Huenda zote ni sahihi kwa wakati wake. Tolkien alianza lugha hizi karibu mwaka 1915 na hakuacha kuzirekebisha hadi uzeeni. Lugha aliyoiita Kinoldorin miaka ya 1930 ndiyo aliyoigeuza baadaye kuwa Sindarin, ikiwa na sauti zilizobadilika. Juu ya hapo kuna tabaka la filamu za 2001–2003, ambazo misemo yake mingi, "le hannon" ya kushukuru ikiwemo, ilitungwa na mtaalamu David Salo. Kisha kuna maneno ya mashabiki waliojaza mapengo. Kamusi nzuri kama Eldamo ya Paul Strack huonyesha neno ni la tabaka gani. Kamusi isiyokuonyesha, ifunge.

Majibu ya roboti za kutafsiri yapime kwa sikio kabla ya kamusi. Neno la Quenya halianzi na b, d, g, mb wala nd. Halina j, sh wala z. Na huishia kwa irabu au kwa n, l, r, s, t. Ukipewa "Quenya" inayoishia kwa m au k, umetungiwa.

Dalili: sentensi inasomeka, lakini inasema kitu kingine

Nakupenda: melin tye, au melin le? Tye ni "wewe" wa ndani, wa mke, mume na ndugu. Le ni wa heshima. Pete nyingi za ndoa zimeandikwa le, na bibi harusi anahutubiwa kama mgeni rasmi. "Yetu" pia inadai swali: je, inamjumuisha unayemwambia? Tolkien mwenyewe aliibadilisha salamu yake ya nyota inayong'aa juu ya saa ya kukutana "kwetu"; toleo la kwanza la hadithi lina omentielmo, la pili omentielvo. Kwenye pete ya watu wawili, hakikisha "yetu" ni ile inayomjumuisha mwenzio.

Karibu ya mlangoni hukosewa kila siku. Watu huweka mae govannen, ambayo ni salamu ya "tumekutana vyema" wanayopeana waliokutana njiani. Kwa mlango tumia sentensi iliyokuwa kwenye mlango wa Moria ndani ya hadithi: pedo mellon a minno, sema rafiki na uingie. Hodi, pole na shikamoo usihangaike nazo. Ziache kwa Kiswahili na uzivalishe tengwar.

Kuhusu pete zinazouzwa tayari na maandishi ya moto: hayo si maneno ya mapenzi. Ni Lugha Nyeusi, na yanasema pete moja kuwatawala wote na kuwafunga gizani. Msomaji mmoja alimtumia Tolkien kikombe kilichochongwa maneno hayo, naye hakuwahi kukinywea. Alikifanya cha kukung'utia majivu ya tumbaku. Mwambie sonara aanze na pete tupu.

Dalili: herufi ya kwanza ya neno imebadilika

Umeomba mellon ukapewa i vellon. Hakuna kosa. Sindarin hulainisha konsonanti ya mwanzo baada ya maneno fulani: m huwa v, p huwa b, t huwa d. Mhobiti Sam alipopewa jina Perhael, yaani nusu-mwerevu, umati ulimshangilia "Daur a Berhael", Frodo na Sam. Sisi tunaosema mtu mrefu na nyumba ndefu, watu wawili na nyumba mbili, hatuna cha kushangaa. Kosa ni kuchonga umbo lililolainishwa peke yake: jina likisimama pekee ni Perhael.

Matamshi nayo ni mepesi kwetu: th ya thamani, dh ya dhahabu, na ch ya Sindarin ni kh ya Khalfan, kamwe si ya chai. C ni k kila mahali. Kinachotuponza ni mkazo. Tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, lakini ikiwa nyepesi hapo mkazo unarudi nyuma: CA-li-ma, DE-ne-thor.

Dalili: Kiklingoni kimegeuka baada ya kutumwa kwa simu

Simu imeweka herufi kubwa mwanzoni mwa ujumbe. Katika Kiklingoni cha Marc Okrand, kilichotungwa kwa filamu ya 1984, q na Q ni sauti mbili tofauti: qaH ni "bwana", QaH ni "saidia". Zima marekebisho ya kibodi. Usitafute "hujambo", haimo, nuqneH maana yake ni "unataka nini?" Ila nakupenda itakufurahisha: qamuSHa', na qa- ya mwanzo inabeba mimi na wewe kwa pamoja, kama naku- yetu. Ukipitia Kiingereza utatafuta maneno matatu usiyoyahitaji.

Kwa lugha za Peterson, Kidothraki hakina neno la asante, na Khaleesi ni cheo cha mke wa khal, yaani mtawala, si jina. Kivalyria cha Juu kina ngeli nne, za mwezi, jua, nchi kavu na maji, na aliyekulia kwenye ngeli zetu atapumua kwa kuona ni nne tu.

Dalili: umeshachorwa

Kwanza usihukumu kwa picha ya selfi. Kamera ya mbele hugeuza picha kama kioo, na katika tengwar kugeuzwa hubadilisha sauti: tumbo la tinco likihamia kushoto inasomeka calma, parma inakuwa quesse, o na u zinabadilishana. Piga kwa kamera ya nyuma. Kama ni ngozi yenyewe iliyogeuzwa, basi karatasi ya mchoro ilibandikwa kinyume, na hilo halirekebishiki.

Makosa mengine yana nafuu. Herufi hizi zimejengwa kwa mstari wima na tumbo, na katika mfumo wa jumla tumbo la pili hugeuza t kuwa d, p kuwa b, k kuwa g. Iliyotoka "Tapu" mchoraji anaifanya Tabu kwa tumbo moja la ziada kwenye parma. Nukta moja ya i inaongezwa mbili ikawa a. Kinyume chake ndicho kigumu: d haiwezi kupunguzwa ikawa t, wala a kurudi i, isipokuwa kwa leza. Kwa hiyo ukiwa na shaka kati ya maumbo mawili siku ya kuchora, chora lenye wino mchache.